BOFLO LA "MTALIANO" WA MOA: Mmoja Analamba Vidole, Mwingine Anasema Anapunjwa

Ukifika Moa saa kumi na moja jioni usijisumbue kuuliza kibanda kiko wapi. Fuata harufu ya kitunguu saumu. Ukiikosa harufu, fuata kelele. Pale utakapokuta watu wazima na akili zao wanabishana kuhusu mkate, ujue ndipo penyewe hapo.

Kwa wasiopajua, Moa ni kijiji cha pwani, Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, kule juu karibu na mpaka wa Kenya. Unatoka Tanga mjini unashika barabara ya Horohoro, unashuka njiani, unachukua bodaboda kuelekea baharini. Wenyeji wengi ni Wadigo na Wasegeju, na maisha ni bahari: ngalawa, nyavu, pweza, na akina mama wa mwani. Sio mahali ambapo mtu angetegemea kukuta ugomvi wa chakula cha Kitaliano. Lakini ndiyo hivyo, wadau, upo.

Kibanda ni cha familia moja. Majina yanahifadhiwa, maana Moa ni padogo na kila mtu ni mjomba wa mtu. Wako wanne. Mama anakanda na kuoka. Baba anakata mkate na kuujaza. Binti mkubwa anashika pesa na daftari la madeni. Kijana wa mwisho anapiga pweza kwenye jiwe mpaka alainike, halafu anaosha vyombo huku ananuna.

HUYU BABA ALITOKEA WAPI NA MAMBO HAYA?

Jibu ni Malindi.

Wengi wanadhani Wataliano walikwenda Malindi kwa ajili ya jua na mchanga tu. Kumbe kuna na habari ya roketi. Miaka ya 1960 Italia iliweka kituo cha kurushia roketi pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mitambo ikiwa imesimamishwa baharini kabisa. Kituo kiliitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa pale chombo cha anga cha Wamarekani, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikaitwa Uhuru. Baadaye wakaja watalii, wakaja wenye hoteli, wakaja wastaafu kujenga nyumba. Leo ukitembea Malindi au Watamu unakuta vijana wa ufukweni wanaongea Kitaliano kama wamezaliwa Roma, na wapo wanaoiita Malindi Italia Ndogo.

Huko ndiko baba huyu alikokwenda kutafuta maisha, kijana hajui hata kukaanga yai. Akaanzia kwenye masinki, akasuuza masufuria miaka, akapandishwa kumenya vitunguu, mwisho akakabidhiwa meza ya mikate. Kila mwezi pesa inakuja Moa. Mke anajua mume yuko "jikoni". Jikoni kunafanyika nini, hakuwahi kuuliza sana, na yeye hakuwahi kusema sana. Hapo papo, msomaji, kumbuka hapo.

Ikaingia corona. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Wageni wakaondoka, hoteli ikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa wataitwa. Baba hakusubiri kuitwa. Alifunga kibegi, akapita Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni, akashika njia ya Lunga Lunga mpaka nyumbani. Haikupita muda Kenya ikazuia watu kutoka na kuingia Kilifi, Kwale na Mombasa, na mwezi Mei mpaka na Tanzania ukafungwa kwa wasafiri. Angechelewa kidogo tu, ingekuwa hadithi nyingine.

Alirudi na kisu kizuri kimoja, simu yenye kioo kilichopasuka, na maneno machache ya Kitaliano ambayo mkewe aliyapiga marufuku ndani ya nyumba.

BOFLO LENYEWE

Mama alikuwa tayari anaoka boflo na kuuza asubuhi kwa chai. Baba akasema, hebu tujaribu kitu. Wakajenga tanuri la udongo na matofali nyuma ya nyumba, wakawasha kwa makumbi na vifuu. Boflo likitoka la moto, baba analipasua, anapaka mafuta ya nazi yaliyopikwa na kitunguu saumu, halafu anajaza.

Ndani unachagua. Kuna pweza aliyechemshwa akakaangwa na nyanya. Kuna samaki. Kuna kima ya ng'ombe. Na kuna bilinganya, imekatwa vipande vyembamba, ikakaangwa, ikapangwa na nyanya na majani ya kotimiri. Juu yake kachumbari, na chachandu kwa anayetaka. Halafu baba anafanya kitu ambacho watoto huja kukiangalia: anaurudisha mkate wote kwenye kikaango cha moto na kuukandamiza kwa kikaango kingine mpaka uimbe.

Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 1,500. Mwezi wa kwanza watu walicheka. Mwezi wa tatu wakaanza kupanga foleni. Na yeye akapata jina jipya. Mtu mweusi tii, Mdigo wa baba na mama, anaitwa Mtaliano.

SASA NJOO KWENYE MANENO

Ukikaa pale kwenye benchi saa moja tu, utasikia kila rangi ya maoni.

Mvuvi mmoja, jitu la miraba minne, anasema hajawahi kula kitu kama boflo la pweza. Anasema pweza huyo huyo amemla tangu utotoni, lakini ndani ya ule mkate anakuwa pweza msomi. Dereva mmoja wa bodaboda anabeba mikate kumi kila Ijumaa kupelekea watu wa barabarani, na anaapa hakuna hata mmoja aliyefika wa baridi. Hapo wanaojua mwendo wake wanatikisa vichwa, maana wanaelewa kwa nini.

Mwalimu mmoja yeye shida yake ni kusubiri. "Mkate gani huu, unaagiza hujaoa, unaupata una wajukuu!"

Mzee mmoja amegoma kabisa bilinganya. Kwake bilinganya ni mboga, inakaa kwenye wali na inajua nafasi yake. Kuiweka kwenye mkate ni kuidhalilisha.

Halafu akatokea kijana kutoka Tanga mjini, kaka wa miwani, aliyewahi kuishi ughaibuni. Akala, akafuta mdomo, akatangaza kwamba hii siyo panini. Panini anaijua yeye, ina jibini. Baba akamjibu taratibu bila kuinua kichwa: "Kaka, umeagiza moja. Moja ni panino. Panini ni mingi. Maana yake vimikate tu." Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Toka siku ile watoto wa Moa wakitaka kumzima mtu anayejifanya anajua wanamwambia, "Umeagiza moja wewe."

Na mabishano haya si ya Moa peke yake. Nenda Forodhani, Zanzibar, ukute mtu analalamika kwamba Zanzibar pizza siyo pizza, wakati mkononi ana ya pili: chapati nyembamba, kima, yai, imekunjwa na kukaangwa. Nenda Mombasa usikie watu wanavyoshindana nani anajua kutengeneza mkate wa mayai. Panda mpaka Kampala uwaulize Waganda rolex bora inauzwa kona ipi, chapati ya kuviringisha na mayai tu, uone watu wanavyokosana. Chakula cha barabarani kinachopendwa ndicho kinachosemwa. Kisichosemwa hakina mlaji.

Lakini bingwa wa kusema pale Moa ni bi mkubwa mmoja. Huyu amekuwa mteja tangu siku ya kwanza na hajawahi kusifu hata mara moja. Leo mkate mgumu. Kesho chumvi imezidi. Keshokutwa pweza ana usingizi. Anaongea, analipa, anakula mpaka chembe ya mwisho, anakung'uta kanga, anaondoka. Kesho saa ile ile yupo. Binti wa pale kaunta alikuwa akimwona anakuja anamnong'oneza mdogo wake, "Wizara imefika."

IKAZUKA PICHA

Sasa siku moja kijana mmoja alikuja kula akaomba kuazima simu ya baba apige. Salio lake limekwisha, basi akapewa. Si unajua vijana? Badala ya kupiga akaingia kwenye picha. Akakuta picha ya zamani ya Malindi: baba amevaa aproni nyeupe, anatabasamu, mkono mmoja kisu, mbele yake paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, anakata vipande vyembamba kama karatasi.

Kijana akajitumia ile picha kwenye simu yake. Kufika Isha, Moa nzima imeiona.

Na maneno hayakubaki kama picha ilivyo. Picha ilionyesha Malindi, miaka iliyopita. Maneno yakasema Moa, jana. Ikasemekana ile kima ni kitimoto. Ikasemekana ndiyo maana tamu vile. Ikasemekana yale mafuta hayakuwa ya nazi. Mtu ambaye hajawahi hata kuonja akaapa alihisi kichefuchefu tangu zamani. Kwenye kijiji ambacho karibu kila nyumba ni ya Waislamu, uelewe hii siyo hadithi ya mteja kukuta unywele kwenye chakula. Hii ni kumwambia mtu kwamba umemlisha haramu na watoto wake, miaka yote hii, huku unacheka naye.

Siku ya kwanza mikate arobaini ilibaki. Siku ya pili ikabaki zaidi. Siku ya tatu mama hakuwasha tanuri.

Kwa watu wa nje biashara ilikuwa imekufa. Ndani ya nyumba kulikuwa na kitu kingine kinakufa. Mama hakuwa na wasiwasi na ile kima, maana nyama anainunua yeye mwenyewe na kuisaga yeye mwenyewe. Lililomuuma ni picha. Miaka yote aliyopokea pesa ya Malindi, alikuwa anaipokea bila kujua. Alimuuliza mumewe swali moja tu, usiku, watoto wamelala au wanajifanya wamelala: "Kwa nini mimi niione pamoja na majirani?"

Baba hakuwa na jibu. Alikuwa na aibu, na aibu mtu akiiweka muda mrefu inaanza kufanana na uongo.

WIZARA IKAINGIA JIKONI

Jioni ya siku ya tatu, ambaye hakuna aliyemtegemea akabisha hodi. Bi mkubwa. Hakupitia mbele kwenye kibanda, alipitia nyuma, kwenye tanuri baridi. Akavuta kigoda akakaa.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Mwanangu, ulikata, hukukata?"

Baba akainamisha kichwa. "Nilikata, Bi. Ilikuwa kazi, nilikuwa na watoto. Sikuwahi kuila. Na hapa haijawahi kuingia, wallahi."

"Mimi najua haijaingia. Mimi nakula hapa kila siku na mdomo wangu unanitosha. Lakini kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Basi sasa aibu ishatoka nje, inatembea barabarani na wewe umejifungia. Nani mjinga hapo?"

Halafu akageukia tanuri, akaligonga na fimbo yake, akasema neno ambalo lilimfanya mama aache alichokuwa anafanya: "Na ukishasema la Malindi, useme na la hapa. Mkate umepungua. Msinione mzee."

Kimya.

Maana hilo nalo lilikuwa kweli.

LA PILI LILILOFICHWA

Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, maana hizo nchi mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano, na sisi Watanzania ngano yetu nyingi tunaiagiza. Unga ukapanda mpaka duka la mwisho Moa. Familia ikakaa. Baba akataka kupandisha bei. Mama akakataa, akasema mvuvi aliyerudi mtupu na mtoto wa shule hawatamudu. Wakakubaliana jambo la katikati: bei ibaki 1,500, donge la unga lipunguzwe. Lilikuwa gramu 150, wakalishusha mpaka 120. Nani atajua?

Wote walijua. Ndiyo zile kelele za "mnatupunja" zilizokuwa zinasikika benchi, na binti anajibu "mkate ni ule ule" huku moyo unamsuta. Nia ya mama ilikuwa nzuri. Alikuwa anawaonea huruma wateja. Lakini huruma ya kufichaficha, anayeonewa anaiona ni wizi.

Na ukiangalia vizuri, wale waliokuwa wepesi kuamini habari ya kitimoto ni wale wale waliokuwa wanaambiwa "mkate ni ule ule". Mtu ukishamdanganya kwenye gramu thelathini, kwa nini akuamini kwenye nyama?

SIKU YA NNE

Siku ya nne waliwasha tanuri mapema. Mlango wa nyuma ukaachwa wazi, ukuta wa makuti uliokuwa unaficha jiko ukatolewa kabisa. Nyama ikaletwa mbele za watu kutoka kwa mchinjaji ambaye kila mtu anamjua, ikasagwa pale pale. Bi mkubwa kajiweka kwenye kigoda chake kama mkaguzi.

Baba akasimama. Siyo mtu wa hotuba. Akasema picha ni yake, kazi aliifanya, Malindi, kwa mwajiri, na hakuwaambia kwa sababu aliona haya, na amekosea kuwaficha, kuanzia mke wake. Akasema hapa haijaingia na haitaingia, jiko hili hapa, mwenye shaka aje wakati wowote. Halafu binti akaleta mizani, akaweka donge la sasa, akaweka na la zamani pembeni. Akasema kwa sauti inayotetemeka kwamba ndiyo, walipunguza, na ndiyo, alikuwa anawaambia uongo.

Unajua watu walisema nini kuhusu mkate? Hawakukasirika kama walivyotegemewa. Mvuvi yule wa miraba minne alisema, "Si mngesema tu? Afadhali nilipe zaidi nishibe."

Pale pale wakapanga upya. Boflo kubwa la gramu zile za zamani, 2,000. Boflo dogo, ambalo linaitwa dogo mchana kweupe, 1,000, kwa wanafunzi na kwa siku ambazo bahari imekataa. Bei zikaandikwa kwa chaki kwenye ubao.

Wote walirudi? Hapana. Msomaji asidanganywe kwenye habari inayohusu kudanganywa. Kuna nyumba ambazo mpaka leo hazinunui pale. Wapo wanaosema mikono ile imeshika kile kitu na wao mioyo yao haitulii. Hiyo ni haki yao, na baba amejifunza kuwasalimia barabarani bila kuwauliza. Yule kijana wa picha alikuja kuomba radhi, akasamehewa, lakini simu haazimwi tena.

Na mama? Alichukua muda kuliko kijiji. Kwa wiki kadhaa aliongea na mumewe kupitia kwa watoto, "mwambieni baba yenu unga umekwisha". Siku moja akamwomba simu. Akaifungua ile picha, akaitazama sana. Akamuuliza alikuwa na umri gani pale, na nani alimnunulia ile aproni, na kama alikuwa anapata muda wa kupumzika. Ilikuwa mara ya kwanza anaulizwa habari za Malindi, na mara ya kwanza anazisimulia. Walikaa mpaka mafuta ya taa yakaisha.

KWA HIYO BOFLO NI TAMU AU SIYO TAMU?

Inategemea unamuuliza nani. Mwalimu bado analalamika foleni. Mzee bado hataki bilinganya. Kaka wa miwani karudi mara mbili, anaagiza mawili ili ayaite panini bila kuchekwa.

Watu wengi wenye biashara ndogo wanaogopa sana mteja anayesema bei kubwa, chumvi nyingi, unachelewesha. Huyo wala msimwogope. Huyo mkate umempendeza, anataka uwe mzuri zaidi. Mteja anaweza kusamehe bei, akasamehe foleni, akasamehe hata mkate mgumu. Ambacho hasamehi kirahisi ni kugundua mwenyewe kile ambacho ulikuwa unakijua. Na ukifikiria, mke naye ni hivyo hivyo.

Jioni moja hivi karibuni bi mkubwa alifika saa yake ile ile. Akapewa boflo kubwa la pweza, limejaa mpaka linafumuka. Akaling'ata. Benchi zima likanyamaza kumsubiri, binti kashika daftari kama anayengoja matokeo ya mtihani.

Akatafuna, akameza, akakung'uta kanga.

"Sasa limekuwa kubwa mno," akasema. "Mnataka kuniua?"

Kesho yake akaja tena.